Mimba Haipunguzi Akili ya Mama

Kutoka Kagunga, kijiji kilicho mpakani na Burundi, hadi Kalya, kusini ya Milima ya Mahale, imani moja kuhusu wanawake imekita mizizi katika mwambao wa Ziwa Tanganyika kiasi kwamba ni nadra kuisikia ikipingwa. Imani hiyo hudai kwamba mwanamke anaposhika mimba akili yake hupungua, kwamba kusahau kwake, kulia kwake na wasiwasi wake ni dalili za ubongo uliolegea, na kwamba hali hiyo huendelea mpaka mtoto akue, kama itaisha kabisa. Husemwa sokoni Mwanga, husemwa majumbani Ujiji, husemwa na waliosoma wakiwa maofisini, na aghalabu husemwa kwa upole: mjamzito anayelalamika huambiwa kwamba ni mimba tu inamsumbua, na mama wa mtoto mchanga anayepinga uamuzi wa wakubwa huambiwa apumzike, wenye akili zilizotulia watalishughulikia jambo hilo. Upole huo ndio unaoifanya imani hii iwe ngumu kung'oka, kwa kuwa hakuna anayehisi kwamba anamdhulumu mtu. Hata hivyo ni dhuluma, na ushahidi wa kisayansi ambao siku hizi baadhi ya watu hudai kuuona katika picha za ubongo zilizopigwa Ulaya na Marekani unasema kinyume cha wanachokidai.

Picha hizo zipo na ni za kweli, kwa hiyo hoja haina budi kuanzia hapo. Mwishoni mwa 2016 jarida la Nature Neuroscience lilichapisha utafiti ulioongozwa na Elseline Hoekzema, akiwa pamoja na Susana Carmona, Òscar Vilarroya na wenzao, uliofanyika Universitat Autònoma de Barcelona nchini Hispania. Wanawake 25 walipigwa picha za ubongo kabla ya kushika mimba yao ya kwanza, kisha wakapigwa tena baada ya kujifungua, kwa mashine ya MRI, ambayo hutumia sumaku yenye nguvu na mawimbi ya redio kuonesha viungo vya ndani bila kumpasua mtu. Walilinganishwa na wanawake ambao hawajazaa, na pia na wanaume, wakiwamo waliokuwa wakisubiri mtoto wao wa kwanza. Kwa wanawake waliozaa, tishu ya kijivu, yaani ile sehemu ya ubongo yenye miili ya seli za neva ambayo hutanda hasa kwenye tabaka la nje, ilikuwa imepungua ujazo katika maeneo mahususi, na ilipungua kwa namna iliyofanana mno kutoka kwa mwanamke mmoja hadi mwingine, hata programu ya kompyuta iliyoangalia mabadiliko hayo pekee ikaweza kutambua nani alikuwa ameshika mimba na nani hakushika. Wanaume waliopata watoto katika kipindi hichohicho hawakuonesha badiliko la aina hiyo. Miaka miwili baadaye alama hizo zilikuwa zingalipo, na ufuatiliaji uliochapishwa 2021 ulizikuta nyingi zikiwa bado zipo baada ya miaka sita.

Wenye imani ya zamani waliposikia kwamba ubongo wa mama hupungua ujazo waliona kesi imekwisha, lakini nusu ya pili ya matokeo hawakuisoma. Wanawake walewale walipewa mitihani ya kumbukumbu kabla na baada ya mimba, na watafiti hawakuona kuporomoka kokote kwa maana. Maeneo yaliyobadilika hayakusambaa ovyo. Kwa sehemu kubwa yaliangukia katika mtandao wa ubongo unaotumika kumsoma mtu mwingine, yaani kukisia anachokitaka, anachokiogopa na anachokusudia kabla hajakisema. Mama alipooneshwa picha ya mtoto wake mwenyewe, baadhi ya maeneo hayohayo yaliyopungua ndiyo yaliyoamka kwa nguvu, na mabadiliko yalipokuwa makubwa zaidi, mama alijieleza kuwa ameshikamana zaidi na mtoto wake. Ni vigumu kufikiria ulemavu unaochagua mahali pa kugusa kwa uangalifu wa namna hiyo, halafu ukamwachia mwenye nao uwezo zaidi wa kazi inayomkabili.

Kosa la msingi la wanaodai kwamba akili hupungua ni kudhani kwamba ujazo wa ubongo na uwezo wa ubongo ni kitu kimoja. Ubongo wa kijana anayebalehe nao hupunguza tishu ya kijivu, na utafiti wa Carmona na wenzake uliochapishwa 2019, uliowaweka wasichana 25 wa umri wa kubalehe kando ya akina mama 25 wa uzazi wa kwanza, ulikuta kwamba kasi ya kupungua kwa mwezi ilikuwa takriban sawa katika makundi yote mawili. Hakuna mwalimu aliyewahi kumwambia msichana wa miaka 14 kwamba kuanzia sasa atakuwa mjinga kwa sababu ubongo wake unapungua. Kinyume chake, huo ndio umri anaopelekwa sekondari. Maelezo ambayo watafiti huyapa uzito ni kwamba katika vipindi hivi viwili, vinavyotawaliwa na wimbi kubwa la homoni, yaani kemikali ambazo mwili huzituma kwa njia ya damu ili kuamuru kazi za viungo, maungio ya seli za neva yasiyotumika sana huondolewa na yale yanayotumika huimarishwa. Mkulima wa michikichi wa Kigoma hupogoa makuti ya chini yaliyozeeka ili mti upumue na mikungu ifikike, wala hakuna anayeuita mchikichi uliopogolewa nusu ya mchikichi.

Picha iliyo wazi zaidi ilipatikana 2024, pale Laura Pritschet, Elizabeth Chrastil, Emily Jacobs na wenzao wa Chuo Kikuu cha California walipochapisha vipimo 26 vya ubongo wa mwanamke mmoja, kuanzia wiki tatu kabla hajashika mimba hadi miaka miwili baada ya kujifungua. Tishu ya kijivu ilipungua hatua kwa hatua kadiri estrojeni na projesteroni, homoni ambazo kondo la nyuma huzizalisha kwa wingi, zilivyopanda. Wakati huohuo tishu nyeupe, yaani nyaya za ubongo zinazobeba ujumbe kutoka eneo moja hadi jingine, ilizidi kuimarika hadi katikati ya ujauzito, kisha ikarudi ilikokuwa karibu na kujifungua. Anayetaka kuzungumzia kupungua kwa tishu ya kijivu anawajibika kuzungumzia pia nyaya zilizoimarika, maana ni ubongo uleule na ni miezi ileile.

Haitakuwa haki kuukimbia ushahidi ulio upande wa pili. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Deakin nchini Australia waliunganisha matokeo ya tafiti 20, zenye jumla ya wajawazito 709 na wanawake 521 wasio na mimba, na wakakuta kwamba katika miezi mitatu ya mwisho wajawazito walipata alama za chini kidogo katika kumbukumbu na katika uwezo wa kupanga mambo. Wajawazito wengi wenyewe, katika nchi mbalimbali, husema kwamba wanasahau. Lakini uchambuzi huohuo ulieleza kwamba alama hizo zilibaki ndani ya kiwango cha kawaida cha watu wazima wenye afya, na kwamba tofauti yenyewe ni ya aina ambayo mwanamke na watu wake wa karibu wanaweza kuihisi bila kumzuia kufanya kazi yake. Kutoka hapo hadi kumnyima mtu sauti katika mambo ya mwili wake ni mbali sana, na safari hiyo imani ya mtaani huifanya kwa hatua moja.

Tena mitihani hiyo hupima nini? Kwa sehemu kubwa hupima kukumbuka orodha za maneno na tarakimu ndani ya chumba kimya. Katika mialo ya Kibirizi na Katonga, ambako boti zilizokesha zikivua kwa taa huingia alfajiri, mwanamke mwenye mtoto wa miezi mitatu mgongoni hupokea dagaa, hupatana bei, hukumbuka nani anamdai na nani hajamlipa tangu mwezi uliopita, huwaanika mchangani au kwenye vichanja, huwageuza kabla jua halijawa kali, na jicho moja huliacha juu ya mawingu yanayotoka upande wa Kongo, kwa sababu mvua ya nusu saa huweza kuharibu mtaji wote. Katikati ya kelele za injini na za wachuuzi, mtoto anapobadilisha pumzi mgongoni, yeye hujua kabla ya mtu mwingine yeyote. Hakuna orodha ya maneno inayoupima uwezo huo.

Pamoja na hayo, mjamzito wa Kigoma anaposahau, kuna sababu za kutafuta kwingine kabla ya kuilaumu mimba. Katika Tanzania zaidi ya nusu ya wajawazito waliopimwa kwenye utafiti wa kitaifa wa 2015 na 2016 walikuwa na upungufu wa damu, na damu isiyo na madini ya chuma ya kutosha hudhoofisha umakini wa mtu yeyote, mwanamume akiwamo. Malaria huongeza upungufu huo: utafiti wa viashiria vya malaria wa 2017 uliuweka Mkoa wa Kigoma juu ya mikoa mingine kwa maambukizi ya watoto wa chini ya miaka mitano, asilimia 24, na mbu anayemuuma mtoto ndiye anayemuuma mama aliyelala naye kitanda kimoja. Ukiongeza usingizi unaokatika kila saa mbili baada ya mtoto kuzaliwa, na kazi ambazo hakuna aliyempunguzia, inabaki ajabu kwamba hasahau zaidi. Vidonge vya FEFO vinavyotolewa kliniki, dawa ya SP ya kuzuia malaria kwa wajawazito, chandarua, na saa nne za usingizi usiokatizwa vinaweza kumrudishia kumbukumbu yake bila mtu kulazimika kuitungia nadharia akili yake. Inasikitisha kwamba tatizo linalotibika kwa vidonge vya bei nafuu limegeuzwa kuwa tabia ya kudumu ya jinsia nzima.

Ziwa lenyewe lina mengi ya kufundisha juu ya jambo hili. Samaki mdogo ambaye wanasayansi humwita Astatotilapia burtoni, mkazi wa kingo na mito ya Tanganyika, amekuwa miongoni mwa wanyama wanaochunguzwa sana katika maabara za ubongo za Marekani, zikiwamo za Stanford alikofanya kazi Russell Fernald. Jike la samaki huyu hubeba mayai na vifaranga vyake mdomoni kwa takriban wiki mbili, na muda wote huo huacha kula, kwa sababu kumeza chakula kungekuwa kuwameza watoto. Kuzuia njaa, ambayo ni amri ya kale kuliko zote katika mwili wa mnyama, ni jambo linalodai ubongo ujipange upya. Panya nao, Craig Kinsley na Kelly Lambert walipowapima mnamo 1999, walionesha kwamba jike aliyezaa na kulea hujifunza njia za kukifikia chakula vizuri kuliko jike ambaye hajazaa. Popote umama ulipochunguzwa kwa makini kwa wanyama, kilichoonekana mara nyingi ni ubongo uliojiandaa kwa kazi ngumu.

Mfano wa kugusa zaidi unatoka Mahale, ambako watafiti wa Kijapani wamewafuata sokwe tangu Toshisada Nishida alipoanza kazi hiyo katika miaka ya 1960. Mwaka 2011 sokwe aliyepewa jina la Christina alizaa mtoto wa kike mwenye ulemavu mkubwa, asiyeweza kukaa mwenyewe na mwenye mshiko hafifu wa miguu, ilhali mtoto wa sokwe kwa kawaida hujining'iniza kwenye manyoya ya mama bila kusaidiwa. Christina alilazimika kumkumbatia kwa mkono mmoja kila alipotembea na kila alipopanda mti. Aliacha kuvua sisimizi wa mitini kwa vijiti, kazi inayotaka mikono yote miwili, na kwa mujibu wa ripoti ya watafiti iliyochapishwa 2015 hakuwaruhusu wasio ndugu kumshika mtoto huyo; aliyeruhusiwa ni binti yake mkubwa, ambaye alimbeba mdogo wake mara kwa mara na kumpa mama nafasi ya kula. Mtoto aliishi karibu miaka miwili, muda ambao asingeweza kuufikia bila mama aliyebadilisha maisha yake yote kumzunguka yeye. Alitoweka baada ya dada huyo kuzaa mtoto wake mwenyewe na kushindwa kuendelea kusaidia.

Kisa hicho kinaibomoa pia imani pacha ya ile ya kwanza, nayo ni kwamba mwanamke hupungukiwa na akili lakini hupewa silika, yaani maarifa ya kuzaliwa nayo yasiyohitaji kufundishwa, kwa hiyo ulezi utajiendesha wenyewe na hahitaji msaada. Watu walewale wanaosema mama hawezi kuamua husema pia kwamba mama hawezi kushindwa kulea, na wanapomwona ameshindwa humhesabu kuwa si mama wa kweli. Kaskazini ya mji wa Kigoma, katika hifadhi ya Gombe, Jane Goodall alianza mnamo 1960 uchunguzi uliokuja kuonesha jinsi sokwe majike wanavyotofautiana katika umama: Passion alimlea binti yake wa kwanza, Pom, kwa kutomjali, ilhali Fifi, ambaye alipokuwa mdogo alikaa karibu na mdogo wake Flint na kumbeba kila aliporuhusiwa, akaja kuwa mama hodari wa watoto wengi. Sokwe waliokuzwa vizimbani bila kumwona mama yeyote akilea, mara nyingi hushindwa hata kumshika vizuri mtoto wao wa kwanza. Homoni za mimba huufungua ubongo ujifunze. Kinachofunzwa hutoka kwa mtoto mwenyewe, kwa waliotangulia, na kwa mazoezi.

Ndiyo maana ubongo wa anayelea hubadilika hata pasipo mimba. Nchini Israeli, kundi la Ruth Feldman lilichapisha 2014 uchunguzi wa wazazi 89 wa mtoto wa kwanza, baadhi yao wakiwa akina baba waliobeba ulezi wote bila mama ndani ya nyumba. Kwa akina baba, kadiri walivyotumia saa nyingi kumhudumia mtoto kwa mikono yao, ndivyo uhusiano wa maeneo mawili ya ubongo, lile la tahadhari ya kihisia na lile la kumsoma mtu mwingine, ulivyokuwa imara zaidi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ilimpa mama wa Tanzania siku 84 za likizo ya uzazi na baba siku tatu, na katika siku tatu hakuna ubongo unaojifunza ulezi. Kwa wavuvi wa Tanganyika, ambao hupumzika siku za mbalamwezi kwa sababu taa hazivuti samaki, muda upo kila mwezi bila sheria yoyote. Kinachokosekana ni kukubali kwamba kumshika mtoto ni kazi ya baba pia.

Desturi ya siku arubaini, inayoendelezwa na familia nyingi za Kiislamu za Ujiji, inastahili sifa katika jambo hili. Mzazi huondolewa kazi, hukandwa kwa maji ya moto, hupewa uji na supu, na huzungukwa na wanawake waliozaa kabla yake ambao humwonesha namna ya kumshika mtoto, kumnyonyesha na kumtuliza. Hicho ndicho ubongo unaojipanga upya unachokihitaji: chakula, usingizi na walimu walio karibu. Desturi hiyo huharibika pale tu inapogeuzwa kuwa kifungo, ambapo mzazi anayesema kwamba ana homa au kwamba damu inamtoka isivyo kawaida hujibiwa kwamba hajui anachokisema.

Hapo ndipo imani hii inapoua. Mwaka 1994 Sereen Thaddeus na Deborah Maine walieleza kwamba vifo vya wajawazito hutokana na ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Ule wa kwanza hufanyika nyumbani, na katika vijiji vya mwambao, ambako barabara ni chache na mgonjwa husafirishwa kwa boti, kuchelewa kuamua kwa saa tatu huweza kumaanisha kukutana na usiku na mawimbi. Kifafa cha mimba, yaani degedege linalotokana na presha ya juu ya ujauzito, hutanguliwa mara nyingi na kichwa kinachouma bila kupoa, macho yanayoona ukungu, na maumivu ya juu ya tumbo. Dalili hizo tatu zina shahidi mmoja tu, mwenye mwili wake. Aliyekwisha kuamini kwamba mjamzito ni mtu wa kulalamika na kuchanganyikiwa atasikia kichwa na macho na kujibu kwamba ni mimba tu, na ubongo utakaodhurika kweli ni ule ambao mwenyewe alitoa taarifa mapema. Sindano ya magnesiamu salfeti, ambayo utafiti mkubwa wa kimataifa wa 2002 ulithibitisha kwamba hupunguza kwa nusu hatari ya degedege hilo, haimsaidii mwanamke aliye bado nyumbani akibishaniwa.

Kigoma yenyewe imewahi kuuonesha ulimwengu kwamba vifo hivi huzuilika. Kati ya 1987 na 1991, katika hospitali ya mkoa, Dkt. Godfrey Mbaruku na watumishi wenzake walitekeleza mpango wa hatua 22 kwa kutumia zaidi rasilimali zilizokuwapo: damu iwepo, vifaa vitunzwe, watumishi wafundishwe na kutathminiwa, na malalamiko ya wananchi kuhusu huduma yasikilizwe. Vifo vilishuka kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000 kati ya 1984 na 1991, kama Mbaruku na Staffan Bergström walivyoripoti mnamo 1995. Kusikiliza malalamiko kulikaa kwenye orodha moja na kuwapo kwa damu, na hapo pana hekima kubwa. Miaka mingi baadaye shirika la Thamini Uhai lilijaribu katika vituo vya mkoa huohuo utaratibu wa mwenza wa kujifungua, ambapo mwanamke huingia leba na mtu anayemwamini, anayeweza kurudia kwa sauti kile ambacho mwenyewe ameshindwa kukisema kwa uchungu. Tafsiri yake ni kwamba neno la mwanamke anayejifungua lina uzito.

Yapo pia maradhi ya kweli ya akili yanayofuata uzazi, na kuyakana kungekuwa kosa jingine. Sonona baada ya kujifungua, yaani huzuni nzito inayodumu wiki nyingi na kumnyima mama hamu ya chakula, ya usingizi na wakati mwingine ya mtoto mwenyewe, ipo Afrika Mashariki kama ilivyo kwingine. Daktari John Cox aliichunguza miongoni mwa wanawake wa Kasangati nchini Uganda katika miaka ya 1970, ambako wenyeji tayari walikuwa na jina lao, amakiro, kwa ugonjwa mkali unaompata mzazi. Aliporudi Uingereza alishiriki kutunga 1987 dodoso la maswali kumi linalotumika leo duniani kote kuitambua sonona hiyo. Nchini Tanzania, Sylvia Kaaya na wenzake wa Muhimbili walionesha mnamo 2002 kwamba dalili za huzuni kwa wajawazito wenye virusi vya UKIMWI hupimika kwa dodoso lililoandaliwa kwa Kiswahili. Na tiba ipo hata pasipo daktari bingwa: vijijini Pakistan, utafiti wa Atif Rahman wa 2008 uliwatumia wahudumu wa afya wa kijijini kuzungumza na akina mama wenye sonona majumbani mwao, na baada ya miezi sita waliobaki na ugonjwa walikuwa asilimia 23, dhidi ya 53 katika kundi la kulinganisha. Imani kwamba kila mama hupungukiwa na akili ndiyo inayomficha mgonjwa huyu, kwani mahali ambapo wote huhesabiwa kuwa wamechanganyikiwa, hakuna anayemtambua yule anayeugua.

Shule nayo ilibeba sehemu yake. Kwa miaka mingi msichana wa Tanzania aliyepata mimba alifukuzwa shule ya serikali, na mnamo Juni 2017 Rais John Magufuli alisisitiza kwamba hatarudi. Pamoja na hoja za maadili, ilitolewa na ile ya kwamba mama anayenyonyesha hataweza kutulia na hesabu. Novemba 2021 Waziri wa Elimu Joyce Ndalichako, wakati huo mbunge wa Kasulu Mjini mkoani Kigoma, alitangaza kwamba wasichana hao wanaruhusiwa kurejea darasani baada ya kujifungua. Msichana wa miaka 17 aliyezaa ana ubongo uliopitia mawimbi mawili ya kujipanga upya kwa karibu, la kubalehe na la uzazi, na hakuna matokeo ya utafiti yanayosema kwamba ubongo huo haufundishiki. Anachokikosa ni mtu wa kumshikia mtoto saa za masomo, na hilo ni jukumu la wazazi, la baba wa mtoto na la shule.

Basi mkunga, mume, mama mkwe na mhudumu wa afya wa kijiji wanaombwa jambo moja linalowezekana leo hii. Mwanamke wa Kagunga au wa Kalya atakaposema kwamba kichwa kinamuuma na macho yanaona ukungu, asijibiwe kwanza. Apimwe presha, na boti itafutwe wakati majibu yanasubiriwa.